Gregor Mendel: Mwalimu aliyefeli mtihani akafumbua siri ya mbegu

MKULIMA anapofika duka la pembejeo kununua mfuko wa mahindi chotara, muuzaji mwaminifu humweleza jambo moja kabla hajalipa: mbegu hiyo ni ya msimu mmoja. Akivuna na kuzirudisha punje zile shambani msimu unaofuata, mimea itatoka mirefu kwa mifupi, mahindi makubwa kwa madogo, na mavuno yatashuka.

Wengi hudhani huo ni ujanja wa kampuni za mbegu ili mkulima arudi dukani kila mwaka. Biashara ipo, lakini chanzo cha jambo lenyewe kimo ndani ya punje. Mtu wa kwanza kulifumbua fumbo hilo kwa hesabu ni Gregor Mendel, mtoto wa mkulima, mtawa na mwalimu wa sayansi wa sekondari katika himaya ya Austria, aliyefariki mwaka 1884.

Vitabu vya Biolojia vinamtaja kama baba wa elimu ya urithi. Visichosema sana ni kwamba alifeli mtihani wa kumthibitisha kuwa mwalimu, akapelekwa kwenye mafunzo ya vitendo kwa miaka miwili, na ni mafunzo hayo yaliyomwezesha kufanya kazi iliyompa jina.

Mtoto wa mkulima

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Johann. Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Czech na kinaitwa Hynčice. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba lake, lakini kwa sheria za enzi hizo alilazimika kufanya kazi siku tatu kila wiki katika ardhi ya bwana wa eneo hilo bila malipo.

Pamoja na mzigo huo, mzee Anton alikuwa mkulima mpenda maendeleo. Alipanda miti ya matunda na kuibebesha vikonyo kutoka miti bora. Shule ya kijiji nayo ilifundisha watoto kutunza matunda na kufuga nyuki. Johann alizoea kisu cha kubebeshea na mizinga ya nyuki tangu utotoni.

Alipoonekana ana kichwa chepesi darasani, walimu waliwashauri wazazi wampeleke shule za mjini. Wazazi walikubali, ingawa uwezo ulikuwa mdogo. Katika mji wa Opava waliweza kumlipia nusu tu ya chakula, na mara nyingi kijana alishinda na njaa.

Mwaka 1838 mambo yalizidi kuwa magumu. Baba yake aliumizwa vibaya na gogo akiwa katika ile kazi ya lazima ya bwana shamba, na hakupata tena nguvu zake za awali. Johann, akiwa na miaka 16, ilibidi ajitafutie ada kwa kuwafundisha wenzake masomo ya ziada.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Kwa desturi za kwao ni upande wa binti uliotoa mahari, na Theresia alikubali sehemu ya fungu lake litumike kumsomesha kaka. Deni hilo Mendel hakulisahau. Miaka mingi baadaye aliwasaidia watoto watatu wa kiume wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 alijiunga na monasteri ya Mtakatifu Thomas ya Waaugustino katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Wito ulikuwepo, lakini pia alikuwa amechoka kuhangaikia mkate wa kila siku.

Monasteri hiyo haikuwa ya sala pekee. Abate wake, Cyril Napp, alikuwa kiongozi katika chama cha kilimo cha mkoa wa Moravia. Wafugaji wa kondoo wa eneo hilo walitaka kujua kwa nini dume bora hazai watoto bora wote, na Napp alikuwa mmoja wa waliosisitiza kuwa swali la kujibiwa ni lile la urithi: mzazi anampa mtoto nini, na kwa njia gani? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mtihani uliomshinda

Baada ya kupata upadri mwaka 1847, Mendel alipangiwa kuhudumia wagonjwa. Kazi hiyo ilimwelemea. Kila alipoona mtu akiteseka, yeye mwenyewe aliugua. Abate Napp alimwondoa huko, na mwaka 1849 akapelekwa mji wa Znojmo kufundisha sekondari kama mwalimu wa muda.

Darasani alifanya vizuri, na wakuu wa shule waliridhika naye. Tatizo lilikuwa cheti. Ili awe mwalimu kamili, ilimlazimu afanye mtihani wa serikali mjini Vienna.

Mwaka 1850 aliufanya, akashindwa. Katika Fizikia alijitahidi, lakini katika jiolojia na elimu ya wanyama majibu yake hayakuwaridhisha watahini. Masomo hayo alikuwa amejisomea mwenyewe.

Hapo ndipo maisha yake yangeweza kuishia njia nyingine. Angeweza kurudi Brno akiwa na aibu, akabaki mtawa wa kawaida. Lakini mmoja wa watahini, mwanafizikia Andreas Baumgartner, aliona kuwa uwezo wa kijana huyo ulikuwa mkubwa kuliko alama zake. Alishauri apelekwe chuo kikuu. Abate Napp alikubali, na monasteri ikabeba gharama.

Miaka miwili ya vitendo

Kuanzia mwaka 1851 hadi 1853 Mendel alisoma Chuo Kikuu cha Vienna. Wakati huo chuo kilikuwa na taasisi mpya ya Fizikia, iliyoanzishwa mwaka 1850, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwaandaa walimu wa sekondari. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Christian Doppler, mtaalamu ambaye jina lake bado linatumika katika vipimo vya hospitali na rada.

Katika taasisi hiyo walimu walifanya kazi kwa mikono. Walifunga vyombo, walifanya majaribio, walirudia, na waliandika walichopata. Mendel alijifunza kwamba swali zuri ni lile linaloweza kupimwa, na kwamba jaribio moja halitoshi.

Andreas von Ettingshausen, aliyeshika nafasi ya Doppler, alikuwa bingwa wa hesabu za mpangilio, yaani kujua vitu kadhaa vinaweza kuunganishwa kwa njia ngapi. Franz Unger alimfundisha elimu ya mimea na matumizi ya hadubini.

Wakulima na wataalamu wengi walikuwa wamewahi kuchanganya aina za mimea kabla yake. Waliangalia watoto, wakaeleza kwa maneno kwamba huyu amefanana na mama, yule na baba. Mendel alirudi Brno akiwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: tabia ya kuhesabu.

Mwaka 1854 alianza kufundisha Fizikia na elimu ya viumbe katika shule ya sekondari ya ufundi ya Brno. Mwaka 1856 alijaribu tena mtihani wa cheti, akaugua, na hakuumaliza. Hakupata cheti hicho maishani mwake. Alifundisha kama mwalimu wa muda hadi mwaka 1868, na waliosoma kwake walimkumbuka kama mwalimu mchangamfu na mwenye subira.

Bustani ya njegere

Katika bustani ya monasteri, Mendel alipanda njegere. Alinunua aina 34 kwa wauza mbegu na kuzijaribu kwa miaka miwili ili kuhakikisha kila aina inazaa watoto wanaofanana nayo. Zilizobaki ni aina 22. Kazi hiyo ya maandalizi pekee inaonyesha alivyokuwa makini.

Njegere zilimfaa kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe likiwa bado limefunga. Mendel alilifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, kisha akapaka chavua ya mmea alioutaka na kulifunika kwa mfuko ili wadudu wasiharibu kazi.

Alichagua sifa saba tu, na kila moja ilionekana wazi: punje ni ya mviringo au imekunjamana, ni ya njano au ya kijani, mmea ni mrefu au mfupi, na nyingine za namna hiyo. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alikuza mimea ipatayo 28,000.

Alipokutanisha njegere za punje za mviringo na zile zilizokunjamana, watoto wote walikuwa na punje za mviringo. Ile sifa ya kukunjamana ilikuwa kama imepotea.

Msimu uliofuata aliiacha mimea hiyo chotara ijichavushe yenyewe. Alivuna punje 7,324 na kuzihesabu moja moja. Za mviringo zilikuwa 5,474, na zilizokunjamana 1,850. Sifa iliyopotea ilikuwa imerudi. Katika rangi alipata punje 6,022 za njano na 2,001 za kijani. Katika kimo alipata mimea 787 mirefu na 277 mifupi.

Gawanya hesabu hizo na utaona kila mara jibu liko karibu na tatu kwa moja. Mfanyabiashara anayeona uwiano huo huo ukijirudia katika daftari lake kila msimu hujua kuna sababu. Mendel naye alijua.

Sarafu mbili

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Kila mmea una nakala mbili za kila sifa, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala moja inaweza kuwa na nguvu na kuifunika mwenzake. Iliyofunikwa haifi. Husubiri, na mmea unapozaa, kila mtoto hupewa nakala moja tu kati ya mbili, kwa bahati, kama sarafu inavyorushwa.

Rusha sarafu mbili kwa pamoja mara nyingi, ukichukulia kichwa ndiyo nakala yenye nguvu. Robo tatu ya safari utapata angalau kichwa kimoja. Robo iliyobaki hutapata kichwa hata kimoja, na hapo ndipo sifa iliyojificha inajitokeza.

Mkulima wa mahindi meupe hukutana na jambo hili bila kulitafuta. Jirani akipanda mahindi ya njano karibu, upepo huleta chavua, na baadhi ya punje katika hindi jeupe hutoka za njano, pengine za njano iliyopauka. Njano ndiyo yenye nguvu. Lakini ndani ya punje hizo weupe bado upo. Zikipandwa na mmea ukachavushwa kwa chavua yake mwenyewe, takriban punje moja kati ya nne itakuwa nyeupe. Mendel mwenyewe alijaribu pia mahindi, na mwaka 1870 aliandika kwamba machotara yake yalifuata kanuni ile ile ya njegere.

Hiyo ndiyo sababu ya onyo la muuza pembejeo. Mbegu chotara ya kizazi cha kwanza hufanana kwa sababu mimea yote imepokea mchanganyiko wa aina moja kutoka kwa wazazi waliochaguliwa. Punje zake zikipandwa tena, nakala hutawanyika na kila mmea huchukua njia yake.

Hakuna aliyeelewa

Februari na Machi 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha sayansi cha Brno, katika mikutano miwili. Mwaka 1866 yalichapishwa katika jarida la chama hicho, naye akaagiza nakala 40 za ziada ili awatumie wataalamu.

Mwitikio ulikuwa kimya. Wasomi wa mimea hawakuzoea kuona hesabu katika somo lao. Aliyejibu kwa uzito alikuwa Carl Nägeli wa Munich, lakini naye hakushawishika, na mawasiliano yao yakajikita kwenye mmea mwingine wa porini.

Mmea huo ulimtesa Mendel kwa miaka kadhaa. Maua yake ni madogo mno, na kazi ya kuyafungua chini ya mwanga mkali ilimuumiza macho. Matokeo nayo yalikataa kufuata kanuni. Baada ya kifo chake ndipo ilipogundulika kwamba mmea huo huweza kutoa mbegu bila kuchavushwa, hivyo watoto hufanana na mama tu. Alikuwa amepewa mmea mbaya wa kujaribia.

Abate, benki na kodi

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abate, na kazi ya darasani ikaishia hapo. Sasa alisimamia mashamba na mali za monasteri, akashiriki uongozi wa chama cha kilimo na kuwa mwenyekiti wa benki ya mikopo ya ardhi ya Moravia. Aliendelea kufuga nyuki, kubebesha miti ya matunda na kuandika vipimo vya hali ya hewa.

Mwaka 1874 serikali ilipitisha sheria ya kuzitoza kodi monasteri. Mendel aliona sheria hiyo si ya haki na akakataa kulipa. Serikali ilishikilia sehemu ya mapato ya mali za monasteri, yeye akazidi kuandika barua za kupinga. Marafiki walimsihi alegeze msimamo, hakukubali. Mgogoro huo ulimla miaka kumi ya mwisho.

Alifariki Januari 6, 1884, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Waombolezaji wa Brno walimzika abate mwema na rafiki wa wakulima. Kazi yake ya njegere haikuwa na umaarufu wowote.

Deni lililolipwa mwaka 1900

Ilipita miaka 34 tangu kuchapishwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, walitangaza matokeo yanayofanana na yake, kila mmoja kwa wakati wake, na jina la Mendel likatajwa. Katika miaka hiyo 34 waboreshaji wa mbegu waliendelea kubahatisha, wakati jibu lilikuwa limelala kwenye makabati ya maktaba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1908 George Shull wa Marekani alionyesha jinsi mahindi chotara yanavyopata nguvu wazazi wa koo tofauti wanapokutanishwa. Mwaka 1964 wakulima wa Kenya walipata H611, mahindi chotara yaliyotoka Kitale, ambayo mzazi wake mmoja asili yake ni Ecuador. Utafiti wa Uyole, Mbeya, nao umewapa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini mbegu chotara zao.

Mwaka 1990 watafiti wa John Innes nchini Uingereza walipata sababu ya punje ya njegere kukunjamana. Kipande cha ziada kimeingia ndani ya kinasaba na kuvuruga utengenezaji wa wanga. Punje hubaki na sukari nyingi, hunyonya maji mengi, na ikikauka husinyaa. Mwaka 2025 watafiti wa Uingereza na China walikamilisha maelezo ya vinasaba vya sifa zote saba.

Mwalimu akishika, mwanafunzi anaelewa

Urithi ni mada ya kidato cha nne Tanzania na Kenya. Katika shule nyingi hufundishwa ubaoni: herufi kubwa, herufi ndogo, mraba wa vyumba vinne, kisha mtihani. Mwanafunzi anafaulu swali bila kujua linahusiana na gunia la mbegu lililoko nyumbani kwao.

Mahali pengine wamechagua njia ya taasisi ya Vienna. Kituo cha mafunzo ya vinasaba cha Cold Spring Harbor, New York, kilichofunguliwa mwaka 1988, kimekuwa kikiwafundisha walimu wa sekondari kwa vitendo. Mwalimu hutoa vinasaba kwenye kiumbe, huviweka katika kipande cha jeli, hupitisha umeme, na huona vipande vikijipanga kwa ukubwa wake. Akirudi darasani anafundisha kitu alichokiona.

Si yote yanayohitaji mashine. Ndizi iliyoiva ikipondwa na maji, chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ikachujwa, kisha ikamiminiwa taratibu spiriti iliyopozwa sana, nyuzi nyeupe hujitokeza kwa juu. Hizo ni nyuzi za vinasaba zilizoshikana na mabaki mengine ya ndizi. Na hindi lenye punje za njano na nyeupe, likigawiwa darasani na kuhesabiwa, linafanya kazi ile ile iliyofanywa Brno.

Mkulima anaweza kuchangia hindi hilo, na mzazi katika bodi ya shule anaweza kuuliza iwapo mwalimu wa sayansi amewahi kupelekwa mafunzo ya vitendo. Abate Napp aliulizwa swali kama hilo mwaka 1851 kuhusu mwalimu aliyefeli. Alilipa, na hesabu za njegere zilizotokana na malipo hayo ndizo zinazomwongoza mzalishaji wa mbegu hadi leo.